Mbuzi Kumi na Mbili na Kamera Moja

Asubuhi ambayo Kavuo alikwenda kuchagua kamera, bunduki zilikuwa zimelia tangu alfajiri upande wa barabara ya Kirumba, na mji wa Butembo ulikuwa umefungua nusu tu ya milango yake. Usishangae, msomaji. Watu wa mji huo hawafungi duka kwa risasi iliyo mbali. Wanasikiliza, wanapima umbali, halafu wanaendelea kupanga sabuni zao. Karibu na soko vijana wawili walikuwa wameuawa, na kufikia saa tatu mwenye meza mahali pale alikwisha kumwaga ndoo mbili za maji na kutandika turubai lake juu ya udongo mbichi.

Kavuo alipita hapo bila kuangalia chini. Alikuwa na miaka ishirini na minne, mwalimu wa darasa la tatu, binti wa Mzee Siméon muuza maharage, na moyo wake ulikuwa umevuka mpaka wa Kasindi kuingia Uganda siku nyingi. Kilichobaki Butembo kilikuwa mwili tu, na huo nao ulikuwa na siku tisa za kusubiri.

Yassini alikuwa tayari ndani ya duka la Mama Mariette, ameinama juu ya kabati la kioo, mikono nyuma, kama mtu anayeogopa kuvunja kitu. Alikuwa mtu wa Beni, mwenye lori lake, Mwislamu, mrefu, mwenye macho ya aibu na ulimi usio na aibu hata kidogo.

"Umechelewa," alisema.

"Papa aliniuliza mara tatu naenda wapi."

"Na ukamujibu nini?"

"Nikamwambia naenda kununua chaki."

"Mwalimu muongo," Yassini akacheka kwa sauti ya chini. "Batoto bako banajua?"

Kavuo alimtazama, na kile kicheko kikamshuka hadi magotini. Huo ndio ulikuwa ugonjwa wake. Mapenzi ni kikohozi, hayafichiki, na yeye alikuwa amekohoa mwaka mzima mbele ya baba asiyetaka kusikia.

Maana Mzee Siméon alikuwa amekataa. Mwezi wa tatu Yassini alituma wazee wa kwao wakiongozwa na mjomba wake Juma, na lori lake mwenyewe likapanda kilima likiwa limejaa mbuzi wa mahari kutoka Mbau, karibu na Beni. Hakutaka kuleta desturi za kwao peke yake. Alifuata za watu wa msichana, mbuzi kwa mbuzi, kila mmoja na jamaa yake wa kumpokea. Mzee hakufungua lango. Mbuzi walifungwa nje tangu asubuhi hadi saa nane mchana, wakila maua ya jirani, kisha Juma akawapakia tena. "Siozeshe mutoto kwa dereva wa dini ingine," mzee alisema kupitia mbao za lango. "Dereva iko na bibi kila parking." Yassini hakuwa na mke popote, lakini nani wa kuapa kwa niaba ya dereva?

Basi wakapanga safari. Majuma mawili Kampala na Jinja, kwa shangazi yake Yassini, na kule wangefunga ndoa. Nyumbani Kavuo alisema ni likizo na mwalimu mwenzake. Mzee Siméon alilitafuna neno hilo siku nzima. "Mutu anasafiri juu ya biashara, ao juu ya ugonjwa, ao juu ya kilio," alisema. "Vacances iko ugonjwa gani?"

"Mama Mariette, tuonyeshe," Kavuo alisema sasa. "Tunataka appareil ya picha ya kwenda nayo ng'ambo. Kitu chepesi. Mimi sina akili ya mashine."

Mama Mariette, mwanamke mnene aliyekuwa amekwenda Dubai mara nne na kurudi na maoni kuhusu kila kitu, aliweka kamera tatu juu ya kioo. "Hii ya kwanza iko ya film. Rahisi kabisa. Hata mutoto anaipiga."

"Film hapana," Yassini alikata haraka.

"Mbona?"

"Juu ya yule kijana wa labo ya kusafisha picha. Ukimupelekea film asubuhi, saa sita mutaa wote unajua ulivaa nini."

Mama Mariette aliwaangalia mmoja baada ya mwingine, akaelewa, na kwa heshima ya biashara hakusema alichoelewa. Akasukuma ya pili, kubwa, ya rangi ya fedha. "Basi numérique. Hii haina film. Picha inabaki mule ndani, unaiona palepale. Dola mia tatu na ishirini."

"Inakula nini?" Kavuo aliuliza.

"Batterie yake mwenyewe. Unaichaji saa nne."

"Na courant ya kuichaji?"

"Ya mwenye groupe ya kutoa umeme."

"Groupe ya papa inawaka saa mbili, ya kutosha tu kusikiliza habari na kusali. Itakufa njiani." Kavuo aliigusa ya tatu, ndogo, ya kijivu, nyepesi kama sabuni iliyotumika. "Na hii?"

"Ile iko ya masikini wenye akili," Mama Mariette alisema. "Dola mia moja na kumi. Inakula pile ine za kawaida, zile za redio. Pile unazipata hata Mangina. Picha zake haziko kubwa sana, mais kwa album ya nyumba zinatosha. Button moja ya kuwasha, moja ya kupiga. Basi."

"Kasindi bakiniuliza iko nini?"

"Unasema iko ya vacances. Mutu mwenye appareil kwa shingo, mutu wa douane pa mupaka hamuulize mambo mingi. Anajua huyu ni mutu wa kutembea tu."

Yassini alitia betri nne, akaiwasha, akarudi nyuma hatua mbili. "Kavuo. Angalia hapa."

"Nimevaa nguo ya darasa."

"Angalia tu."

Aliangalia. Si kamera aliyoiangalia, bali mtu aliyekuwa nyuma yake, jinsi alivyokunja jicho moja, jinsi alivyoshika pumzi kama anayembeba mtoto aliyelala. Kitu kikalia kidogo. Yassini akageuza kamera na kumwonyesha kioo cha nyuma, kidogo kuliko kiberiti, na Kavuo akaona msichana ambaye hakumjua, mwenye macho yaliyojaa na mdomo uliokuwa karibu kusema jina la mtu.

"Niko hivi?"

"Uko hivyo kila siku. Weye tu njo haujionake."

Kavuo aliichukua kamera, akaiweka juu ya kabati bila kuacha kuutazama ule uso. Miezi mingi alikuwa amejiuliza kama kumwacha baba bila kumuaga ni dhambi. Kwenye kile kioo alipata jibu, na jibu lilimwogopesha: angekwenda hata kama ni dhambi.

Ndipo fimbo ilipomshukia Yassini mgongoni.

Nani alimwambia Mzee Siméon? Butembo yenyewe ilimwambia. Mji ule hauna haja ya kijana wa labo. Mzee aliingia na koti lake la misa na fimbo ya kutembelea, na hakuanza kwa maneno. Pigo la pili lilimpata Yassini begani, la tatu juu ya jicho, na nyusi ikapasuka. Damu ilimwagika haraka hadi kwenye shati. Kamera ilibaki juu ya kioo, ikiwaka.

"Papa!" Kavuo alimshika mkono.

"Chaki, eh? Hii njo chaki?" Mzee alimsukuma akagonga rafu ya redio. "Na weye, mwizi. Nilikurudishia mbuzi zako, sasa unakuja kuchukua mutu mwenyewe kwa mulango wa nyuma?"

Yassini hakuinua mkono. Alifuta jicho kwa kiganja. "Papa Siméon, nilikuja kwa mulango wa mbele. Ulifunga."

"Ukirudi peke yako, nani atakuoa? Mama yako akikufa kwa aibu, nani atamuzika?" mzee alimgeukia binti.

"Sikuwa nataka kukuaibisha, Papa. Nilikuwa nataka kuolewa."

"Na dereva wa kusali upande mwingine."

"Na Yassini."

Alilisema jina lile kwa utulivu, na utulivu ule ulimuuma mzee kuliko kelele. Fimbo ikapanda tena. Yassini akamsogeza Kavuo nyuma yake, akalipokea pigo kwenye mkono wa kushoto. Mama Mariette alikuwa anawasihi wasivunje vitu vyake pale mlango ulipofunguliwa kwa teke.

Waliingia watatu. Watu wote dukani waliwajua bila kuambiwa: majani yamefungwa kichwani, vichupa vya maji vinaning'inia shingoni, bunduki, na harufu ya watu waliotoka kwenye mapigano saa ile ile. Mji uliwaita watu wa maji, kwa sababu ya dawa waliyojinyunyizia ili risasi zisiwapate. Mmoja alikuwa na damu hadi viwikoni, na haikuwa yake. Mkubwa wao aliitwa Kamanda Élisée. Alikuwa na sauti ya mtu wa kwaya, laini, ya kuomba radhi, na watu waliomwogopa zaidi ni wale waliokuwa wamewahi kuisikia.

"Hakuna mutu anatoka," alisema. "Mama, natafuta pile za torche." Kisha akaiona fimbo na damu. "Kumbe vita iko hata humu? Sisi tunakufa kule juu yenu, nyiye munapiganiana dukani?"

Élisée alisogea kwenye kabati akaiokota kamera. Akaigeuza. Uso wa Kavuo ulikuwa bado unawaka pale nyuma.

Aliutazama. Akamtazama Kavuo. Akarudi kwenye kioo, na kidole chake chenye masizi kikapita juu ya ule uso taratibu, toka paji hadi kidevu. Kavuo alihisi kile kidole kwenye ngozi yake.

"Huyu musichana iko wa nani?"

"Mon commandant," Mama Mariette alianza, "chukua pile, chukua carton nzima..."

"Sikuuliza bei. Bibi yangu alikufa Mbau mwezi jana. Mwanaume hakai bila mutu wa kumupikia. Leo tutapanda na huyu."

"Iko bibi yangu," Yassini alisema.

Mpiganaji mwenye damu alimpiga kwa kitako cha bunduki mbavuni. Yassini akapiga magoti. Akampiga tena, mgongoni, na Kavuo akasikia sauti kama ya kuni kavu. Alipotaka kumkimbilia, Élisée alinyoosha mkono bila kumgusa, na mkono ule ulitosha kumsimamisha.

Hapa lazima nikueleze jambo, msomaji, maana uhai wa msichana ulining'inia juu yake. Watu wa maji walikuwa na miiko yao. Wapo walioivunja kila siku, lakini Élisée hakuwa miongoni mwao. Aliamini kabisa kwamba akimgusa mke wa mtu, maji yataharibika shingoni mwake na risasi ya kwanza itampata. Msichana asiye na mwenyewe, hapo mwiko haukumzuia. Kwa mke wa mtu, ulimzuia. Na kwa watu wa milima ile, ambao Élisée alikuwa mmoja wao, mwanamke haitwi mke wa mtu kwa maneno ya mdomo. Ni mke wa mtu baba yake akishakula mbuzi.

"Kama iko bibi ya mutu kweli, nitamuacha," alisema kwa ile sauti laini. "Kama iko uongo, nabeba musichana, na huyu dereva ninamuacha hapa bila kichwa. Mzee, weye uko nani?"

"Baba yake."

"Muzuri. Nitasikia kwako. Huyu mwenye damu iko mukwe wako?"

Kavuo alimwangalia baba yake. Mzee Siméon hakuwa mtu wa uongo. Sokoni walimcheka kwa sababu alionyesha mteja maharage yaliyotobolewa na wadudu kabla mteja hajayaona. Na alikuwa mtu wa neno moja: akishasema jambo mbele ya watu, hata likimchoma tumboni halirudi.

"Iko mukwe wangu," mzee alisema.

"Mbona unamupiga?"

"Juu anataka kupeleka mutoto wangu ng'ambo bila kuniaga. Mukwe wa namna gani anafanya vile?"

Kila neno lilikuwa kweli, ila moja. Élisée alitikisa kichwa taratibu kama hakimu wa kijiji. Akawaambia wapiganaji wake, "Mutoe dereva nje. Asisikie."

Walimburuta Yassini hadi barazani, mlango ukafungwa. Kutoka nje ilisikika sauti ya mateke, kisha kukohoa, kisha mateke tena. Élisée aliongea juu ya sauti hizo bila kupaza yake.

"Mbuzi ngapi?"

"Kumi na mbili," mzee alijibu. "Na moja ikazalia pale langoni. Beberu ya mujomba wa mutoto ilikuwa nyeusi, sikio la kushoto limepasuka. Ile ya nyanya yake ilikuwa nyeupe, ya miguu mifupi. Wazee bao balikuwa bane."

Kavuo alipigwa na mshangao katikati ya hofu. Siku ile, baada ya kukataa langoni, mzee alikuwa amekaa chumbani, pazia limefungwa, akisema hataki hata kuona kwato. Kumbe alisimama nyuma ya lile pazia nusu siku nzima na kuhesabu.

"Muleteni," Élisée alisema.

Walimrudisha wakiwa wamemshika kwapa. Jicho moja lilikuwa limefunga, na meno yalikuwa mekundu. Kavuo alitamani kumwambia kwa macho yale yote yaliyosemwa, lakini ungemwambiaje mtu namba kwa macho? Élisée aliweka mdomo wa bunduki chini ya kidevu cha Yassini.

"Ulipelekea mzee huyu mbuzi ngapi? Mutu mwingine akifungua kinywa, napiga."

Yassini alivuta pumzi, ikamuuma. "Kumi na mbili."

"Tu?"

"Na katoto kamoja. Mama yake alizalia kwa mulango."

"Ya mujomba ilikuwa namna gani?"

"Nyeusi. Ilijirarua sikio kwa chuma ya lori yangu."

Élisée aliguna. Bunduki haikushuka. "Na mzee alizifanya nini?"

Hapo ndipo kaburi lilipokuwa. Mbuzi walirudi Mbau na lori lile lile. Yassini hakujua mzee amesema nini kuhusu mbuzi hao wakati yeye yuko nje. Huyu ndiye aliyempasua jicho robo saa iliyopita, aliyemwita mwizi. Kwa nini afikiri kwamba amesema mbuzi walipokelewa? Kavuo aliziona fikra hizo zikipita kwenye lile jicho moja lililobaki wazi. Akaona jicho likimtazama mzee Siméon, na mzee, ambaye hakuthubutu kutikisa hata nyusi, akiweka fimbo yake chini polepole na kuiegemeza kwenye kabati.

"Commandant," Yassini alisema, "ile mambo hauniulizi mimi. Mbuzi ikishafika kwa mulango wa mukwe wangu haiko yangu. Kama alikula, kama alifuga, kama aligawia jirani, nitauliza na kinywa gani? Kwenu munauliza?"

Mabega ya Élisée yakaanza kutikisika; alikuwa anacheka. Kwao, mwanaume anayefuatilia mbuzi aliokwisha kupeleka ukweni ni mtu wa kuimbwa kwenye pombe. Mwongo angejibu haraka. Aliyejibu vile alikuwa amelelewa, au amejifunza kwa ajili ya mapenzi, na Élisée hakuwa na muda wa kutofautisha.

"Iko bibi ya mutu," aliwaambia wenzake.

Lakini mtu yule hakuwa wa kuondoka mikono mitupu. Aliinyoosha kamera kwa Mama Mariette. "Hii nitaenda nayo. Ondoa ile sura. Siwezi kubeba bibi ya mutu nafasi moja na maji."

Mama Mariette alibonyeza. Uso ukawa mkubwa zaidi. Akabonyeza kwingine, yakatokea maandishi ambayo hakuna aliyeyajua. Akabonyeza tena, uso ukarudi. Jasho lilimtiririka kidevuni. "Mon commandant, batu ba Dubai hawakunionyesha ya kufuta. Ya kupiga tu."

"Ulisema iko rahisi?"

"Nilisema, mon commandant."

Élisée aliichukua kamera, akaiweka juu ya meza ya mbao. Akamwita Yassini kwa kidole. "Weka mukono juu yake. Wa kuume. Mutu anayeacha sura ya bibi yake inaangaliwa na batu, avunjike pamoja nayo."

Yassini aliweka mkono. Aliuweka mwenyewe, bila kushikwa, na akageuza kichwa kumwangalia Kavuo badala ya kuangalia meza. Kitako cha bunduki kilishuka mara tatu. Mara ya kwanza kilio kilimtoka. Mara ya pili na ya tatu hakutoa sauti, na Kavuo ndiye aliyepiga kelele hadi sauti ikakatika. Vipande vya plastiki vilitapakaa sakafuni. Betri moja ilibingirika hadi miguuni mwa mzee.

Watu wa maji walichukua katoni mbili za betri na redio tatu, wakatoka. Barazani walifyatua risasi hewani, na njia nzima ikakimbia. Baadaye kidogo bunduki zilisikika mbali, kule walikotoka.

Kavuo alipiga magoti mbele ya Yassini. Vidole vitatu vilikuwa vimelala upande ambao vidole havilali, na mfupa mmoja ulionekana. Ulikuwa mkono wa kubadilishia gia, mkono uliovusha lori kwenye matope ya Beni miaka saba. Aliubusu juu ya kifundo, mbele ya baba yake, na hakuona haya.

"Nisamehe," alisema. "Ni sura yangu."

"Sura yako haina kosa." Meno ya Yassini yalikuwa yanagongana. "Mais ile appareil ilikuwa muzuri, eh? Dola mia moja na kumi."

Kavuo akacheka na kulia kwa pamoja, na Mama Mariette akasema kamera ile haitalipwa na mtu.

Mzee Siméon alikuwa amesimama palepale. Akatoa leso yake ya misa, nyeupe, iliyopigwa pasi, akaipasua kwa meno vipande viwili. Akafunga ule mkono vizuri, kama anavyofunga magunia. Kisha akajipenyeza chini ya kwapa la Yassini na kumnyanyua.

Walishuka kilima wakiwa watatu. Milango iliyokuwa imefunguliwa nusu sasa ilikuwa imefungwa yote. Kila hatua ilimtoa Yassini mguno, na kila mguno ulimchoma Kavuo, lakini kilichomtesa zaidi ni ukimya wa baba. Alijua neno lililosemwa dukani lilikuwa neno la kuokoa roho. Mtu huweza kusema lolote chini ya bunduki, na Mungu na watu humsamehe akilikana kesho.

Yassini naye alijua. Walipofika njia panda liliposimama lori lake, akasimama.

"Papa Siméon," alisema, akipumua kwa shida. "Ile ulisema mule ndani ilikuwa ya kuokoa mutoto. Nimeisikia sawa vile. Sitakushika nayo, hata siku moja. Uniache hapa. Nitapata mutu wa kuniendeshea mupaka Beni."

"Yassini," Kavuo alinong'ona.

"Hapana, Kavuo. Nisikuoe juu ya bunduki ya mutu mwingine." Machozi yalitoka kwenye jicho zima na lile lililofunga. "Na mukono yenyewe iko hii. Dereva gani tena?"

Kavuo alimgeukia baba yake. Hakuomba. Maneno ya kuomba yalikuwa yameisha mwezi wa tatu. Alisimama tu kati yao, viatu vya kazini vikiwa na damu, akijua kwamba kama lori lile litaondoka leo, yeye atakuwa ndani yake, na safari hii hatadanganya kuhusu chaki.

Mzee aliliangalia lori. Akaangalia mkono uliofungwa kwa leso yake, ambayo sasa haikuwa nyeupe. Alirekebisha uzito wa Yassini begani, akamvuta, wakapita lile lori, wakashika njia ya nyumbani.

Mama yake Kavuo, Marie-Jeanne, alikuwa amesimama langoni mikono kichwani. Risasi za kule juu alikuwa amezisikia. Alipowaona watatu aliteremsha mikono, akaona damu, akaona ni ya nani, na mdomo wake ukabaki wazi.

"Fungua lango yote mbili, Mama Kavuo," Mzee Siméon alisema. "Halafu weka maji kwa moto. Mukwe ameumia mukono."

Mama alimtazama mumewe kama hakusikia vizuri. "Mukwe?"

"Maji, mama," mzee alisema, na sauti yake ikatetemeka kwa mara ya kwanza siku ile. "Mutoto anaumwa."